Meno ya Nailoni

Nililinunua kwa sababu ya kiti.
Mgongo wangu, baada ya zamu kumi na moja mfululizo
za kugeuza wazee vitandani,
ulikiona kile kiti cha mbele, kirefu, kipana kama kitanda cha mgeni,
ukasema: lipa.
Dola elfu mbili na mia tisa taslimu, kwa mjane mmoja wa Burton.
Buick Electra ya mwaka sitini na tisa, rangi ya maji ya kunde.
Mjane hakuzihesabu zile noti.
Hilo lilipaswa kunishtua.

Wiki ya kwanza likaanza kulia petroli,
tone, tone, chini ya kabureta.
Fundi Lisiecki akanusa vidole vyake.
"Ndivyo yalivyo haya," akasema,
kama mtu anayetaja ukoo wenye wazimu.
Wiki ya tatu breki zikaingia siasa:
nikikanyaga tu, kushoto.
Geji ya mafuta hudanganya kwa adabu.
Husema nusu tangi, nami niko kando ya barabara ya Dort,
nasukuma tani mbili za chuma,
theluji imejaa viatuni.
Galoni moja, maili tisa,
siku likiamka vizuri.

Chumvi inayomwagwa barabarani kila Januari
imekula sakafu upande wa abiria.
Nimeziba tundu kwa sinia langu la biriani.
Na miezi ya baridi lina banda lake, dola themanini kwa mwezi;
gari lina kwao Flint,
mdogo wangu Korogwe bado anapanga chumba.
"Dada," aliniuliza kwenye simu, "la mwaka gani?"
Nikamwambia.
Akanyamaza, akapiga hesabu.
"Basi limekuzidi umri. Nisalimie. Liambie shikamoo."

Zimwi likujualo, wamesema, halikuli likakwisha.
Hili lanijua hadi siku ya mshahara.
Limekula shokomzoba nne, rejeta, pampu ya maji,
limekula koti nililokuwa nimelichagua dukani,
na bado lanitazama kwa zile taa nne
kama halijafuturu.

Aprili, saa kumi na mbili asubuhi, taa nyekundu ya barabarani,
likazimika.
Halikukohoa. Halikuaga.
Lisiecki alilifungua siku mbili,
akaniita, akanionyesha sampu ya oili:
ndani yake vipande vya kahawia, vidogo, kama magego ya mtoto.
Gia ya taimingi, akasema, waliivika nailoni isipige kelele.
Nailoni huzeeka. Hukauka. Hung'oka.
Dola mia sita na arobaini,
na yale meno akanifungia kwenye karatasi ya chooni, zawadi.

Chumba namba kumi na nne
analala Bwana Verlin Stodgell, miaka tisini na moja,
aliyefunga injini kiwandani hapa hapa mjini
mpaka mabega yakakataa.
Nilikuwa namfunga vifungo vya shati.
Nikaifungua ile karatasi juu ya blanketi.

Hakuuliza ni nini.
Aliokota kimoja, akakizungusha kati ya vidole.
"Tuliwaambia," akasema.
"Msimamizi akajibu, nani atakaa nalo muda wote huo?"
Kisha akanitazama, mimi, nani,
akacheka hadi mrija wa oksijeni ukapiga mluzi,
hadi nikalazimika kumkalisha.

Alikiweka kile kijino mezani,
kando ya bilauri yenye meno yake mwenyewe.
"Sasa wamekuwekea nini?"
"Chuma kitupu. Linanguruma kidogo."
"Liache lingurume."

Akaniomba nimgeuze upande wa dirisha,
upande wa maegesho.
Nikapiga goti moja kitandani, nikashika shuka,
moja, mbili,
mgongo ukalia.
Nadaiwa bado mia na arobaini.